William Cobbett, Askari Aliyekariri Sarufi Akiwa Lindoni

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua baadhi yenu mtashangaa. Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, tena ndani ya jarida la Kiswahili, anaandika habari za mtu aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiingereza! Wengine mtasema nimeasi. La hasha! Nivumilie kidogo, kwani mvumilivu hula mbivu. Ukifika mwisho utakubali kwamba mtu huyu ni wetu sote tunaohangaika na lugha, iwe Kiingereza au Kiswahili.

Kilichonifanya nimjue ni barua. Mwaka jana mama aliniambia niandike barua ya kuomba msaada wa karo katika ofisi fulani. Nyumbani mimi ndimi niliyesoma kuliko wote, kwa hivyo kazi hiyo ikawa yangu. Niliandika kwa Kiingereza kurasa mbili nzima, nikajiona simba. Karani aliyeipokea alisoma mistari mitatu hivi, akacheka. Akamwonyesha mwenzake, naye akacheka. Kisha akanirudishia, akaniambia nikajifunze Kiingereza kwanza ndipo nirudi. Mama alikuwa amesimama kando yangu. Maneno hakuyaelewa, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Tulirudi nyumbani kimya kama tunaotoka matangani. Barua ile haikuwa na uongo hata chembe. Shida ni kwamba niliandika ‘my mother have’ badala ya ‘my mother has’, na ‘we was’ badala ya ‘we were’, na mengine ya aina hiyo.

Nilipomsimulia mwalimu mmoja, yeye hakunicheka. Alinipa kitabu chakavu, akanionyesha mahali pa kusoma. Hapo ndipo nilipokutana na William Cobbett. Tangu siku hiyo nimesoma habari zake kila nilipozipata, na leo nataka kukusimulia.

William Cobbett alizaliwa tarehe 9 Machi 1763 katika mji mdogo wa Farnham, jimbo la Surrey, kusini mwa Uingereza. Babu yake alikuwa kibarua wa shambani. Baba yake, George, alikuwa mkulima mdogo mwenye nyumba ya kuuzia pombe. Nyumbani walikuwa wavulana wanne, na baba yao hakuwalea kama mayai. Kazi ya kwanza ya William ilikuwa kufukuza ndege wasile mbegu shambani, kama vile watoto wa kwetu wanavyowafukuza kwenye mtama na mpunga. Alipokua kidogo akawa wa kupalilia na kuongoza farasi wa jembe.

Shule hasa hakuijua. Alipelekwa kwa bibi kizee mmoja aliyewafundisha watoto herufi, lakini hakuambulia kitu. Kusoma na kuandika alifundishwa na baba yake jioni, wakati wa baridi, pamoja na hesabu kidogo. Baba alijaribu hata kumfundisha sarufi, lakini yeye mwenyewe hakuielewa vizuri, basi somo likaishia hapo. Kweli, kipofu hamwongozi kipofu.

Hata hivyo mtoto huyu alipenda kusoma, na hebu sikia kisa hiki. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alisikia habari za bustani ya mfalme iliyoko Kew, karibu na London. Siku iliyofuata alishika njia kwa miguu bila kuaga mtu, na mfukoni ana peni chache tu. Jioni alifika Richmond akiwa amebakiwa na peni 3 za kununulia chakula cha usiku. Mara akaona dirishani mwa duka kitabu kidogo cha Jonathan Swift, bei yake peni 3! Chakula au kitabu? Alinunua kitabu. Alikwenda akaketi kando ya rundo la nyasi kavu, akasoma mpaka giza likamzuia kuona herufi, akalala papo hapo na njaa yake. Asubuhi aliamshwa na ndege. Bustanini alipewa kazi, na kitabu kile akakibeba kila alikokwenda kwa miaka mingi, hadi kilipozama baharini pamoja na sanduku lake karibu na pwani ya Kanada.

Mwezi wa Mei 1783, akiwa kijana wa miaka 20, alitoka nyumbani kwenda kwenye maonyesho. Njiani aliona gari la farasi linalokwenda London, akalipanda papo hapo. Huko alipata kazi ya ukarani kwa wakili mmoja, akawa ananakili hati kutoka asubuhi hadi usiku katika chumba chenye giza. Aliichukia kazi hiyo vibaya sana. Mwaka 1784 alijiandikisha jeshini akidhani anaingia kikosi cha askari wa majini. Kumbe! Alikuwa ameingia jeshi la nchi kavu, kikosi cha 54, akapelekwa kambi ya Chatham.

Hapo Chatham ndipo maisha yake yalipogeuka. Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, kanali mkuu wa kambi alimchagua awe anamnakilia barua. Kanali aligundua kwamba kijana ana mwandiko mzuri lakini sarufi hana. Hakumfukuza. Alimshauri ajifunze. Cobbett alinunua kitabu cha sarufi cha askofu Robert Lowth, ambacho kilikuwa kimetoka mwaka 1762, akaanza kazi.

Msomaji mwenzangu, soma hapa polepole. Cobbett alikinakili kitabu kile chote kwa mkono mara mbili tatu. Kisha alikikariri, kutoka mwanzo hadi mwisho. Asubuhi alikisema, jioni alikisema. Akipangwa lindo usiku, huku bunduki iko begani, alikisema chote kimoyomoyo kabla ya zamu kwisha. Wenzake walidhani analinda kambi tu, kumbe analinda na sarufi!

Na alisomea wapi? Hakuwa na meza wala kiti. Kiti chake kilikuwa ukingo wa kitanda cha askari. Kabati lake la vitabu lilikuwa shanta. Meza yake ilikuwa kipande cha ubao alichokiweka mapajani. Mshumaa au mafuta ya taa hakuweza kununua, kwa hiyo wakati wa baridi alisomea mwanga wa moto, tena ilipofika zamu yake ya kukaa karibu na moto huo. Pembeni yake askari wenziwe wanacheka, wanaimba, wanapiga kelele. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaosomea koroboi mezani pa kupikia, huku redio ya jirani inalia na watoto wanagombana, tunaweza kuiona picha hiyo bila kuchorewa.

Mshahara wake ulikuwa peni 6 kwa siku. Baada ya kulipia chakula na mahitaji, kilichobaki kwa wiki nzima kilikuwa peni 2 tu kwa kila askari. Ili anunue kalamu au karatasi ilimbidi apunguze chakula chake, na njaa ilikuwa ikimuuma kila siku. Ijumaa moja alikuwa ameweka akiba nusu peni ili asubuhi yake ajinunulie samaki mmoja. Usiku alipovua nguo alipapasa mfukoni, sarafu haipo! Imepotea. Askari yule mrefu, mwenye nguvu, alijifunika shuka gubigubi akalia kama mtoto mchanga. Niliposoma habari hii sikucheka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mimi namjua.

Je, jasho hilo lilimfaa? Lilimfaa sana. Kikosi chake kilipelekwa Kanada mwaka 1785, katika jimbo la New Brunswick. Huko alipanda haraka, akawa sajini meja, akiwapita masajini wapatao 30 waliomtangulia jeshini. Maofisa waliozaliwa katika familia tajiri walimtegemea awaandikie ripoti, kwani wao wenyewe sentensi ziliwapiga chenga. Hapo Cobbett aliona jambo ambalo hakulisahau. Sarufi haimwulizi mtu baba yake ni nani.

Huko Kanada alimpenda msichana aitwaye Anne Reid, binti wa sajini mmoja. Familia ya Anne iliporudi Uingereza, Cobbett alimpa akiba yake yote, gini 150 za dhahabu, zimsaidie asifanye kazi za kumtesa. Mwaka 1791 aliporudi alimkuta Anne ni mtumishi wa nyumba kwa mshahara wa pauni 5 kwa mwaka. Fedha zile alimrudishia zote, hazijaguswa hata moja. Walioana Februari 1792.

Mwaka huo huo Cobbett alijaribu kuwashtaki maofisa wa kikosi chake kwa kuiba mali ya askari. Alipoona kibao kinageuka na yeye ndiye anayetafutwa, alikimbilia Ufaransa, kisha Marekani. Sasa angekula nini ugenini? Sarufi ikamlisha! Mjini Wilmington na baadaye Philadelphia kulikuwa na Wafaransa wengi waliokimbia mapinduzi, nao walitaka kujua Kiingereza. Cobbett akawa mwalimu wao. Mwaka 1795 alichapisha kitabu cha kuwafundisha Wafaransa sarufi ya Kiingereza. Yule aliyekuwa hajui sarufi hata kidogo miaka 11 nyuma, sasa anawafundisha wageni!

Kutoka hapo aliingia katika magazeti. Aliandika kwa jina la bandia la Peter Porcupine, yaani Nungunungu, na miiba yake ilichoma kwelikweli. Alimshambulia hata daktari maarufu, Benjamin Rush, kwa kuwatoa damu nyingi wagonjwa wa homa ya manjano. Daktari alimshtaki, na mwishoni mwa 1799 mahakama ikamwamuru Cobbett alipe dola 5,000. Mwaka 1800 akarudi Uingereza.

Mwaka 1802 alianzisha gazeti la kila wiki liitwalo Political Register, ambalo aliliandika hadi mwaka aliokufa. Mwanzoni aliitetea serikali, lakini alipoona umaskini wa watu wa mashambani alibadilika akawa mtetezi wao. Isitoshe, alianza kuchapisha mijadala ya Bunge ili watu wasome wakubwa wao wanasema nini. Baadaye, alipobanwa na madeni, aliuuza mradi huo kwa mpiga chapa wake aliyeitwa Hansard. Umelisikia jina hilo? Ndilo Hansard la Bunge letu la Nairobi! Kila siku wabunge wetu wanaponena, maneno yao huandikwa katika kumbukumbu yenye jina la mpiga chapa wa Cobbett. Dunia ni kijiji.

Mwaka 1809, mjini Ely, askari wa akiba waligoma kwa sababu walikatwa mshahara ili kulipia shanta zao. Viongozi wao walihukumiwa viboko 500 kila mmoja. Cobbett, ambaye hakusahau zile peni 2 za Chatham, aliandika kwa hasira kali. Serikali ilimshtaki. Mwaka 1810 alifungwa miaka 2 katika gereza la Newgate na kutozwa faini ya pauni 1,000. Alitoka mwaka 1812 akaendelea kuandika palepale alipoachia. Mwaka 1816 alitoa chapa ya bei rahisi ya gazeti lake ili vibarua waweze kununua. Serikali ikatia hofu. Mwaka 1817 ilipoondoa haki ya mtu kutofungwa bila kushtakiwa, Cobbett alijua yeye ndiye wa kwanza kutafutwa. Akavuka bahari tena, akakodi shamba katika kisiwa cha Long Island, Marekani.

Ni katika shamba hilo, baina ya nguruwe na mboga, alikoandika kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza. Kilitoka New York mwaka 1818 na London mwaka 1819. Kilikuwa na umbo la barua anazomwandikia mwanawe James, kijana wa umri kama wetu. Lakini kwenye jalada alitaja waziwazi kwamba hasa ni kwa ajili ya askari, mabaharia, vijana wanaojifunza kazi za mikono, na wavulana wa jembe. Yaani watu ambao hakuna aliyewahi kuwaandikia sarufi.

Kwa nini mtu wa siasa apoteze wakati na nomino na vitenzi? Hapa ndipo kiini cha maisha yake. Zamani zile, watu wa kazi walipoandika maombi kwa Bunge, mara nyingi maombi hayo yalikataliwa kwa kisingizio cha lugha yake au namna yalivyoandikwa. Hakuna aliyejibu kama shida yao ni ya kweli au la. Cobbett aliona kwamba sarufi imegeuzwa kuwa mlango, na ufunguo wameuficha matajiri. Akaamua kuchonga funguo nyingi za bei rahisi. Nilipofika hapo nilimkumbuka yule karani na kicheko chake.

Basi tukifungue kidogo kitabu chenyewe. Cobbett aliyagawa maneno ya Kiingereza katika aina 9, akianza na vile vineno ‘a’, ‘an’ na ‘the’ ambavyo Kiswahili hakina, kisha nomino, viwakilishi, vivumishi, vitenzi, vielezi, vihusishi, viunganishi na vihisishi. Vihisishi aliviona ni kelele tu wala si maneno. Hapo mimi na yeye hatuelewani, kwani bila ‘lo!’ na ‘ala!’ insha zetu zingepoa kama uji wa jana.

Sheria anayoisisitiza ni kwamba kitenzi lazima kikubaliane na kiima chake kwa nafsi na kwa idadi. Sisi Waswahili sheria hii tunaijua sana. Hatusemi ‘vitabu kimeanguka’. Mbona basi niliandika ‘my mother have’? Nilikaa nikafikiri, nikaona sababu. Kwetu upatanisho unakaa mwanzoni mwa kitenzi, mahali pa wazi, na kila ngeli ina alama yake. Kiingereza kimeuficha mwishoni, na mara nyingi haupo kabisa. ‘I walk’, ‘you walk’, ‘we walk’, ‘they walk’, zote ni sawa. Ni nafsi ya tatu umoja tu, ‘he walks’, inayopewa herufi s. Tena s hiyo ni janja. Ikikaa kwenye nomino huonyesha wingi, ikikaa kwenye kitenzi huonyesha umoja. Tazama, ‘the boy walks’, lakini ‘the boys walk’. Ni kama sweta moja la shule la ndugu wawili, akilivaa mmoja mwingine anakaa bila. Si nomino zote wala vitenzi vyote vinavyofuata hivyo, lakini kwa anayeanza, sweta hilo litamwokoa mara nyingi. Mimi limeniokoa.

Jambo la pili ni onyo lake kuhusu neno dogo ‘it’. Cobbett alisema mwandishi asiliweke neno hilo kwenye karatasi kabla hajajiuliza linasimama badala ya kitu gani. Alipoona ukurasa umejaa neno hilo alianza kumwogopea aliyeuandika. Chukua mfano huu wangu. ‘The cup fell on the plate and it broke.’ Kilichovunjika ni nini, kikombe au sahani? Kiingereza kinakuacha njia panda. Sasa sema kwa Kiswahili. Kikombe kiliangukia sahani, kikavunjika. Au, kikombe kiliangukia sahani, ikavunjika. Umeona? Herufi mbili tatu zimemaliza ubishi! Wanaolalamika ati ngeli ni mzigo, wasome tena mfano huo. Nilijifunza sarufi ya Kiingereza nikarudi nyumbani kuipenda zaidi ya Kiswahili.

Jambo la tatu linachekesha. Alipofundisha nomino za makundi, zile ambazo kwa Kiingereza zaweza kuchukua umoja au wingi mradi usichanganye, aliorodhesha mifano. Mle mle katika orodha moja aliweka Bunge, mahakama kuu, genge la wahuni na pango la wezi! Mwanafunzi anajifunza sarufi, na papo hapo anacheka wakubwa.

Wala hakuishia hapo. Mifano ya makosa hakuitoa kwa wavulana wa jembe. Aliitoa kwa mabingwa. Alichambua sentensi za Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri, akaonyesha zilipopinda. Katika chapa ya mwaka 1823 aliongeza masomo 6 ya kuwazuia viongozi wasiharibu sarufi. Humo alisahihisha hotuba ya mfalme, barua ya waziri Castlereagh na hata maandishi ya Wellington, jemadari aliyemshinda Napoleon. Mtoto wa kibanda anamshikia mfalme kalamu nyekundu! Nilielewa alichotaka. Makosa hayachagui mkubwa wala mdogo. Kinachochagua ni kicheko. Mkubwa akikosea watu hunyamaza, maskini akikosea hurudishiwa barua.

Cobbett alirudi Uingereza mwishoni mwa 1819, tena kwa kituko. Alikuwa amefukua mifupa ya Thomas Paine, mwandishi wa mapinduzi aliyekuwa amezikwa Marekani, ili aizike upya kwa heshima. Mazishi hayo hayakufanyika, na mifupa hatimaye ikapotelea mbali. Baadaye alizunguka mashambani akiwa juu ya farasi, akaandika alivyowaona vibarua wakifa njaa katikati ya ngano waliyoivuna wenyewe. Safari hizo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1830. Mwaka 1831, akiwa na miaka 68, alishtakiwa tena kwa uchochezi baada ya vibarua kufanya ghasia. Alijitetea mwenyewe mbele ya mahakama. Wazee wa baraza hawakuafikiana, akaachiliwa huru. Mwaka 1832 sheria ya uchaguzi iliporekebishwa alichaguliwa kuwa mbunge wa Oldham. Alifariki tarehe 18 Juni 1835, akazikwa Farnham, pale pale alipozaliwa.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Cobbett hakuwa malaika. Aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi na juu ya Wayahudi, na alimpinga vikali William Wilberforce aliyekuwa akipigania watumwa wakombolewe. Niliposoma hayo moyo ulinishuka. Mtu aliyelilia haki ya kibarua wa Surrey hakuiona haki ya mtumwa wa Jamaika. Nilitaka hata niache kuandika makala hii. Kisha nikafikiri, ufunguo aliouchonga ni ufunguo, haujui rangi ya mkono unaoushika. Pengine hakuniwazia mimi alipoandika kitabu chake, lakini mimi nimekisoma, na sasa nayatumia mafunzo yake kumsahihisha hata yeye. Jembe akikupa adui yako, wewe lima.

Na barua ya mama je? Niliiandika upya. Sikuwa na kanali, lakini nilikuwa na mwalimu, daftari na koroboi. Nilinakili sheria za vitenzi mara tatu kama askari wa Chatham. Nikawa nazisema njiani kwenda shule, kilomita tano asubuhi na tano jioni, hadi wenzangu wakaniita Profesa. Niliandika barua mbili, moja kwa Kiingereza na nyingine kwa Kiswahili, kwani Katiba ya mwaka 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi. Kila kitenzi nilikiuliza kiima chako ni nani, kila ‘it’ niliiuliza unasimamia nini. Tuliporudi ofisini karani alikuwa yule yule. Alisoma ya Kiingereza hadi mwisho. Hakucheka. Alichukua ya Kiswahili, akasoma nayo. Akazipiga muhuri zote mbili, akamwambia mama aketi kwenye kiti. Hatukupata zote tulizoomba, lakini nilimwona mama akikaa, na hilo kwangu lilikuwa kubwa.

Ndugu zangu, kumbe kosa la sarufi si dhambi, wala sarufi safi si majivuno. Ni kama viatu. Asiye navyo si mtu mbaya, lakini kuna milango ambayo watamzuia. Tusiwacheke wanaokosea darasani, kwani hatujui nani kati yao analala na njaa akisoma kwa mwanga wa moto. Nasi tunaokosea tusikate tamaa. Kama Cobbett aliweza kwa peni 6 kwa siku, huku amepoteza hata nusu peni ya samaki, sisi tunangoja nini? Haba na haba hujaza kibaba.

Nawatakia nyote masomo mema, na wa Kidato cha Nne nawaombea ushindi katika mtihani wenu. Kalamu yangu naiweka chini hapa.